Mkaguzi wa Makovu

Tulimwita Mkaguzi, na sikumbuki mtu yeyote hospitalini kwetu Voi aliyemwita vingine mbele yake. Nyuma yake alikuwa na majina mengi, mengine nimeyatunga mwenyewe, lakini hayo nayaacha kwa heshima ya umri wake. Alikuja kutoka ofisi ya bima ya Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wagonjwa tuliosema tumewatibu tuliwatibu kweli. Mimi nilikuwa, na bado niko, karani wa madai. Yeye aliajiriwa kunishuku, nami niliajiriwa kumvumilia, na kwa miaka mingi sote wawili tuliifanya kazi yetu vizuri.

Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima na akili zake alizunguka Taita Taveta yote akiomba kuona mikono ya watu. Bima haijui maumivu, inajua namba. Kila ugonjwa una namba yake, na kila kitu daktari anachofanya kwa kisu kina namba yake. Sasa, mkono kati ya kiwiko na kiganja una mifupa miwili, mmoja upande wa kidole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Ukivunjika mmoja ukatiwa chuma, hiyo ni namba moja. Ikivunjika yote miwili, daktari akatia chuma kwenye mmoja tu na kuuacha mwingine uunge wenyewe, hiyo ni namba nyingine. Ikivunjika yote miwili na yote miwili ikatiwa chuma, hiyo nayo ina namba yake. Ukichanganya, dai linarudishwa, na bosi anakuja kusimama mlangoni kwangu bila kusema kitu.

Na kwetu mikono huvunjika sana. Pikipiki huvunja, ng'ombe wa ranchi huvunja, ngazi za mafundi wa rangi huvunja. Hata ndovu huvunja bila kukugusa: wewe mwenyewe unakimbia mpaka unajivunja.

Wakaguzi wengine niliowajua walikagua karatasi. Huyu alikagua watu. Aliingia wodini, akasimama kando ya kitanda, akasema kwa upole kabisa, "Naomba mkono." Mgonjwa akiutoa, yeye aliugeuza juu chini kama mama anayechagua papai sokoni. Nadharia yake ilikuwa rahisi. Mifupa miwili hufunguliwa kwa mikato miwili, kwa hiyo vyuma viwili ni makovu mawili. Daktari alimweleza mara nyingi kwamba mwili wa binadamu si rahisi namna hiyo. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akaendelea kuhesabu makovu.

Alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi kinakuumiza. Mimi ni Mdawida, mtu wa milima ya Taita. Kiswahili nilikipata shuleni na sokoni, na nilikichukua kama kilivyokuja. Siku moja aliweka kidole juu ya maelezo niliyoandika kwa niaba ya mgonjwa.

"Hapa umeandika 'mkono imevunjika'."

"Ndiyo, Mzee."

"Mkono ni mmoja, binti yangu. Mkono umevunjika. Ikiwa 'imevunjika', basi ni mikono. Sasa niambie, ni mikono kadhaa imevunjika nawe wanidai mmoja, au ni mmoja nawe hujui kuuhesabu?"

"Ni mmoja, Mzee."

"Basi uandike kama mmoja. Na tena si mkono. Mkono waanza begani. Hapo penye mifupa yako miwili paitwa kigasha."

Kigasha! Hakuna aliyekuwa amelisikia neno hilo. Nikawauliza wauguzi, mmoja akadhani ni aina ya samaki. Kwa muda tulilitumia kwa kumcheka tu. "Kigasha kimoja kinaitwa eksirei," tungesema, na wodi nzima ingeangua kicheko. Lakini neno ni kama mgeni mwenye adabu, ukimcheka sana unajikuta umeshamzoea. Leo hata mfagiaji anasema kigasha, na wanafunzi wa uuguzi wakija kutoka Nairobi ndio wanaobaki kutazamana.

Aliyekuwa hamwogopi hata kidogo ni Daktari wetu wa mifupa, mtu wa bara, mrefu, mwenye mikono mizuri ya kazi. Mfupa ukipita kwake ulirudi mahali pake kama haukuwahi kutoka. Shida ni kwamba aliandika kama anayenunua wino kwa tone. Mgonjwa angekaa mezani nusu ya asubuhi akifungwa chuma na skrubu, na ripoti ingetoka na maneno matatu: mkono umefungwa, sawa.

"Daktari," Mkaguzi alimuuliza, "hii ni ripoti ya upasuaji au ni salamu?"

"Mgonjwa amepona?"

"Amepona."

"Basi hiyo ndio ripoti."

"La. Hayo ni matokeo. Ripoti ni mfupa upi ulivunjika, ulivunjikia wapi, ngozi ilipasuka au haikupasuka, na chuma kimekaa kwenye mfupa gani."

Daktari alikuwa na kimbilio kimoja tu, thieta, ambako Mkaguzi hakuruhusiwa kuingia. Mkaguzi naye alichukua kiti cha plastiki akakaa nje ya mlango. Kila mlango ulipofunguka kupitisha kitanda au ndoo, aliita kwa adabu, "Daktari, mifupa mingapi?"

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Yote!"

"Yote miwili imevunjika, au yote miwili imetiwa chuma?"

Mlango ukafungwa. Mimi niliyekaa upande wa pili wa korido nilikuwa nimejibanza nyuma ya kompyuta nikijiuma mdomo. Lakini ukweli lazima nikiri, swali lenyewe ndilo lile lile nililokuwa nikitaka kuuliza tangu asubuhi, ila mimi sikuwa na ujasiri.

Alipotaka kuwaona wagonjwa waliokwisha ruhusiwa, bosi alinituma niandamane naye na mafaili katika Landrova ya hospitali. Hizo ndizo siku nilizomjua vizuri. Safari ya Marungu sitaisahau. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, kwa hiyo alikuwa katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kutariziwa, mkoba wa ngozi kwapani. Tulikuwa tunamtafuta msichana mmoja aliyevunjika akiteremka na ndoo ya maji. Tulimkuta nyanya yake uani, anapepeta mbaazi. Mkaguzi akamsalimia vizuri sana, akakohoa kidogo, kisha akasema:

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wa binti yenu."

Nyanya akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaliangalia gari. Akaweka ungo chini na kumwita mjomba wa msichana. Mjomba akaja amevaa koti juu ya nguo za shamba. Viti vikaletwa. Tukakaa. Kuku mmoja akaanza kufukuzwa nyuma ya jiko.

"Mzee," mjomba alianza, "tumefurahi. Na mambo ya umri hatutasema, hayo ni ya wenyewe. Lakini wewe ni Muislamu na sisi ni watu wa kanisa. Hiyo tutaifanyaje?"

"Hilo halina neno kabisa," alisema Mkaguzi. "Mimi huangalia wote."

"Wote?"

"Juzi tu nilikuwa Mwatate, nikaangalia wawili."

Mjomba akamgeukia nyanya. Nyanya akageukia mlango. Mimi nilikuwa nimeshaelewa tangu viti vilipoletwa, na ningeweza kumwokoa yule mzee, lakini mtu aliyenifundisha sarufi mbele ya wauguzi alistahili kukaa hapo kidogo.

"Na hao wawili wa Mwatate," mjomba aliuliza polepole, "mlielewana nao?"

"Mmoja nilimkubali mara moja. Wa pili nikamkataa. Alikuwa na kovu moja tu."

Hapo ndipo msichana mwenyewe alipotokea na kuni kichwani, akaniona, akacheka. "Ni watu wa hospitali hao," akamwambia nyanya, "wanataka kuona pale niliposhonwa." Akapandisha mkono wa sweta. Makovu mawili, safi kabisa. Nyanya alicheka hadi akakalia mbaazi zake. Mjomba alivua koti. Mkaguzi ndiye aliyechelewa kuelewa kuliko wote, na alipoelewa, uso ulimbadilika rangi hadi kwenye masikio. Kuku aliachiliwa, jambo ambalo nililisikitikia mimi peke yangu. Kwa muda mrefu baadaye, mtu yeyote wa Marungu aliyekuja kliniki alipita dirishani kwangu na kuuliza, "Mkwe wetu hajambo?"

Mtu huyo aliyekuwa hatishiki na daktari wala bosi aliogopa ng'ombe. Huko Ndara tulimfuata mchungaji mmoja ambaye alikuwa ametiwa chuma kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba. Tulimpata katikati ya kundi kubwa, na ng'ombe wakaja kuinusa Landrova kama inavyokuwa. Mkaguzi akapandisha kioo hadi juu. Uhakiki wote ulifanyika kupitia kioo kilichofungwa. "Inua!" alipiga kelele. Mchungaji akainua. "Geuza!" Akageuza. "Kunja ngumi!" Mchungaji alikunja ngumi, na ng'ombe mmoja akakilamba kioo pale pale penye pua ya Mkaguzi. "Asante, nimeridhika," akasema, na sijawahi kumwona akiridhika haraka namna ile.

Alivaa mashati ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye kifundo, hata katika lile joto la Voi ambalo hufanya lami inuke. Sisi tuliokuwa tukimwona akipandisha mikono ya wenzake mwaka mzima tulikuwa na hakika kwamba yake ina siri. Muuguzi mmoja alisema ameungua moto. Mwingine alisema ana chuma, tena chuma ambacho bima ilikataa, ndiyo sababu ana uchungu. Siku moja bomba la kantini lilipasuka likammwagia maji, akalazimika kukunja mikono mbele yetu sote. Tulisogea. Hakukuwa na kitu. Mikono laini, myeupe ya kivulini, kama ya mtoto. "Mbona hukunji siku zote, Mzee?" nikamuuliza. "Mke wangu ndiye hupiga pasi," alijibu. "Nikikunja, ataona amefanya kazi bure." Hatukuwahi kusikitishwa hivyo.

Chai yetu hakunywa ila ameilipia kantini. Wakati mmoja mpishi alimwongezea chapati bila kumwambia. Alipogundua alikuwa amekwishakula nusu. Akarudisha nusu iliyobaki juu ya kisahani, na akaomba radhi kwa ile nusu nyingine. Na alipenda kujisifu kwa jambo moja, kwamba hajawahi kamwe kutia sahihi jambo lisilokuwa kwenye karatasi. Alilisema mara nyingi hadi tukawa tunamalizia pamoja naye. Halafu, baada ya kusema hivyo, alikuwa akitoka kwenda kuangalia mikono. Nilimwambia kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja: kama karatasi inatosha, Marungu anaenda kutafuta nini? Akanitazama kwa huruma. "Karatasi nazisoma, binti yangu. Sikusema naziamini."

Mama Wakesho ndiye aliyetuletea siku ambayo hayo mawili yaligongana.

Mama huyu alikuwa mkulima wa Marungu, mjane, mwenye mdomo mkali na kicheko kikubwa. Alikuwa amevunjika mkono akiwa mbali na kwetu, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya huko, mifupa yote miwili ikatiwa chuma. Mifupa iliunga vizuri. Lakini baadaye, upande wa kidole cha mwisho, ngozi ilianza kuvimba, ikapasuka, ikawa inatoa usaha. Alipokuja kwetu alikuwa na homa. Daktari alimwangalia akasema chuma kile lazima kitoke upesi, palepale pasafishwe, kwa sababu usaha ukiingia ndani ya mfupa, tutakuwa tunajadili kama mkono wenyewe utabaki.

Nikaandika ombi la kibali. Namba ya kutoa chuma, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Jibu lilirudi kutoka makao makuu Nairobi: ombi limekataliwa. Hospitali ile ya kwanza ilikuwa imeandika namba ya chuma kimoja tu, cha upande wa kidole gumba. Kwa hiyo, kwa bima, chuma cha pili hakikuwepo, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kutolewa.

Nikatuma picha ya eksirei, vyuma vyote viwili vikionekana kama ngazi mbili. Jibu: picha inaweza kuwa ya mtu mwingine, tusubiri hospitali ya kwanza irekebishe rekodi. Nikawapigia hospitali ya kwanza. Aliyepokea simu aliahidi kuniunganisha na mhusika, na mhusika alikuwa likizoni. Daktari alinijia ofisini akapiga meza yangu kwa kiganja. Bosi akasema bila kibali mgonjwa alipe mwenyewe kwanza. Wanawe Mama Wakesho wakaanza kupiga simu kwa jamaa.

Nilipomweleza Mama Wakesho, alisema, "Waambie hiyo chuma niko nayo mimi. Kama si yao wala si yangu, basi nani aliniwekea?" Akacheka, lakini alikuwa akitetemeka, na shuka lilikuwa limelowa jasho.

Mkaguzi alifika siku iliyofuata kwa mambo mengine. Sikuwa na matumaini naye hata kidogo. Nilimweleza kwa sababu tu alikuwa mbele yangu. Alisoma lile jibu la Nairobi taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Karatasi yasema chuma kimoja," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Yasema wazi."

"Ndiyo, Mzee." Nilikuwa karibu kulia, na sikutaka anione.

Akaikunja karatasi. "Yuko wapi?"

Tukaenda wodini. Akasimama kando ya kitanda kama kawaida yake. "Pole, mama. Naomba mkono."

Mama Wakesho alimkagua kwanza yeye, kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe ndio wa bima?"

"Ndiye mimi."

"Basi shika. Lakini shika pole pole, kwa sababu mnasema hakuna kitu hapo, na kinauma."

Muuguzi akafungua bandeji. Nimeona vidonda vingi kazini, lakini kazi yangu ni namba, na sikuwa nimezoea. Makovu yalikuwa mawili. Lile la upande wa gumba lilikuwa limefunga vizuri. La pili lilikuwa limeachama, na ndani yake, katikati ya usaha, kitu kilikuwa kinang'aa, chenye tundu la duara na kichwa cha skrubu.

Mkaguzi hakuhesabu kitu. Alirudi nyuma hatua, akakaa kwenye kitanda jirani ambacho hakikuwa na mtu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ambalo mkewe alilipiga pasi, akaivaa tena, akainama na kuangalia mara ya pili. Kisha akatoa simu, akapiga Nairobi, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, aliweka sauti ya juu. Wodi nzima ilisikia.

"Mzee, nimeiona hiyo file," ilisema sauti ya kijana. "Lakini system inaonyesha hakuna chuma hapo."

"Mwanangu, mimi nakiona."

"Labda ni mfupa, Mzee."

"Mfupa haung'ai, mwanangu. Wala hauna skrubu."

Vidole vikasikika vikigonga kompyuta. "Inabidi ile hospitali ya kwanza waandike upya. Hiyo ndio procedure."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa hivi."

Mkaguzi alimtazama Mama Wakesho. Mama Wakesho alikuwa amefumba macho, ameuacha mkono juu ya shuka kama kitu alichochoka kukibeba.

"Hana wiki kadhaa," Mkaguzi alisema. "Kanuni yasema mkaguzi akihakikisha kwa macho yake aweza kutoa kibali, kisha ajibu mwenyewe baadaye. Andika kwamba nimehakikisha."

"Mzee, hiyo kipengele hakuna mtu huwa anaitumia. Ukiitumia, audit itakuita."

"Wataniita kwa jina gani?"

"Sijaelewa, Mzee."

"Nauliza, wataniita kwa jina gani? Basi liandike jina hilo. Andika lote, na ukikosea herufi nitakataa."

Akalitaja jina lake lote mbele ya wodi, herufi moja moja, taratibu, kama mwalimu anayesomesha darasa la kwanza. Wengi wetu tulikuwa tunalisikia kwa mara ya kwanza. Alipomaliza, Mama Wakesho alifungua macho na kumwambia, "Asante, mkwe." Kumbe hadi kwake ile habari ilikuwa imefika. Mkaguzi akainuka haraka akasema anachelewa swala, na haikuwa hata adhuhuri.

Chuma kilitolewa kesho yake asubuhi. Daktari alitoka thieta akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, akaandika ukurasa mzima: mfupa upi, chuma kipi, skrubu ngapi, nyama ilikuwaje, mfupa ulikuwaje. Akaniwekea mezani. "Mpe yule mzee asome," alisema. Lakini Mkaguzi alikuwa amesharudi Mombasa. Homa ya Mama Wakesho ilishuka, kidonda kikafunga polepole, na alipotoka mkono ulikuwa wake.

Mkaguzi aliitwa kweli. Habari nilizipata kwa mwenzake mmoja wa Mombasa. Walimweka kwenye kiti, wakamuuliza kwa nini alipita juu ya rekodi, naye aliwajibu kwa Kiswahili kirefu ambacho kiliwachosha. Hawakumfukuza. Walimpa dawati lisilo na safari. Baada ya muda mkataba wake ukaisha, na hakuna aliyezungumza kuhusu kuuongeza. Kwetu hakutumwa mkaguzi mwingine. Siku hizi tunatuma picha kwa kompyuta, na majibu hurudi kabla chai haijapoa. Miezi ya kwanza nilifurahi. Hakuna aliyenisahihisha, hakuna aliyenipeleka juani. Baadaye nikaanza kujishika nikisoma maelezo yangu kwa sauti kabla ya kuyatuma, kuona kama mkono umevunjika au imevunjika.

Mwaka jana muuguzi mwenzetu aliolewa huko Taveta, na sherehe ilikuwa Mahoo. Mchana, muziki ulipozidi, nilitoka kupunga upepo kando ya mfereji wa maji. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anabishana na jirani yake ng'ambo ya migomba.

"Maji haya yalikuwa yapite kwangu hadi saa nane," alikuwa akisema. "Hadi saa nane si saa saba na ushee."

Niliitambua sauti kabla ya kumwona. Alikuwa katika gambuti, amelowa hadi magotini, amekonda kidogo. Jirani aliponiona nimesimama alinifanyia ishara ya huruma. "Ni ndugu yako? Tusaidie. Hapa sote anatufundisha kusema."

Mkaguzi alifurahi hadi akaangusha jembe. Alinieleza kwamba shamba ni la watu wa upande wa mkewe, na kwamba migomba ni viumbe visivyo na adabu, vinaanguka bila taarifa. Nilimwambia kile ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia, kwamba Mama Wakesho analima, tena kwa mikono yote miwili, na kwamba tunamshukuru. Alinikatiza.

"Msinishukuru. Sikuvunja kanuni. Kanuni yasema mkaguzi ahakikishe. Nilihakikisha."

"Lakini walikuondoa, Mzee."

"Hiyo nayo ni kanuni." Akainama kuziba mfereji kwa udongo, maji yakageukia upande wa jirani, ambaye alishangilia. Bila kuinuka aliniuliza, "Na sasa? Nani yuaja kwenu?"

"Hakuna mtu. Tunatuma picha."

"Na picha ikikataliwa?"

"Tunatuma nyingine."

"Na mgonjwa? Nani huenda kumwona?"

"Hakuna, Mzee."

Alinyoosha mgongo kwa shida. Nilidhani atatoa hotuba. Alisema tu, "Basi nenda wewe."

"Mimi ni karani. Nina dawati."

"Mguu huna?"

Kisha jirani akamwita kuhusu maji, ubishi ukaanza upya, na aliponipungia mkono alikuwa tayari ameshageuka. Nilirudi kwenye sherehe. Nilijiambia kwamba wazee husema mengi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, nilijikuta kwenye korido ya wodi ya wanaume na faili mkononi. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyeingizwa Jumamosi, kigasha, mifupa yote miwili. Nikasimama kando ya kitanda chake. Sikujua mtu huanzaje.

"Habari yako. Naomba mkono."

Alinitazama. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni wa bili."

Akauvuta mkono haraka, akauficha chini ya blanketi, akaushika kwa ule mwingine.

Nikavuta kiti, nikakaa.